Abiria wa Pili Akae Karibu na Choo

"Kitanda kimoja au viwili?"

Binti mpanga safari aliuliza swali hilo macho yakiwa kwenye kompyuta. Angemtazama fundi usoni, jibu alilokuwa analitaka lingeonekana wazi.

"Wewe unaonaje?" fundi wa lifti akasema, viwiko juu ya kaunta.

"Kaka, safari ni yako. Mimi nione nini?"

"Ungekuwa unaenda wewe, ungelala wapi?"

Binti akageuka kulitazama bango lililokuwa nyuma ya kiti chake. Lilikuwa picha ya jiji moja la bandari huko Asia, maghorofa yamebanana hadi ukingoni mwa maji, vivuko vinapishana, taa hadi juu ya kilima. Wateja wengi alishawapeleka huko. Yeye mwenyewe pasipoti yake ilikuwa imelala kwenye droo, haijawahi kugongwa muhuri.

"Ningelala chumba chenye dirisha la baharini," alisema taratibu. "Asubuhi nafungua pazia, naona meli zimejipanga kama foleni ya benki."

"Na kwenye kivuko?"

"Ghorofa ya juu, mbele kabisa. Upepo univuruge nywele, nisijali."

"Halafu?"

"Halafu soko la vitambaa. Nashika kila kitambaa, sinunui hata kimoja."

"Andika hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo? Bila kumuuliza huyo unayekwenda naye?"

Fundi akajikuna kisogo kwa bisibisi. Ile bisibisi haikutoka mfukoni mwa shati lake hata siku ya mapumziko. Kampuni inayotengeneza lifti ilikuwa imemzawadia safari ya watu wawili kwa kazi yake nzuri, na tangu apewe habari hiyo alikuwa hakauki pale ofisini.

"Jina la pili nitakuambia," alisema.

"Mwisho Ijumaa. Jina lisipoingia, kiti kinapotea. Na hiyo bisibisi huingii nayo kwenye ndege."

"Nitaiweka kwenye begi la mizigo."

"Unakwenda kutembea au kutengeneza mji wa watu?"

"Huwezi kujua, dada. Haya, ngoja nikimbie. Bwana Meno amekwama ghorofa ya pili."

"Bwana Meno ndiye nani?"

"Si yule daktari wa meno! Sisi mafundi majina ya watu hatuyashiki, tunashika kazi zao."

Akaondoka. Mlango haujajifunga vizuri, keshia akatoa kichwa kwenye kidirisha chake.

"Shoga yangu, hivi umewahi kujiuliza kwa nini lifti ya jengo hili inaharibikia hapa mlangoni kwetu tu, tena kila siku saa ya chai?"

"Lifti imezeeka."

"Lifti imezeeka, fundi ni kijana."

Binti akacheka, akainamia kompyuta. Tusifichane, ndugu msomaji: alikuwa anampenda yule fundi. Alimpenda na ovaroli lake lenye grisi, na maswali yake yasiyoisha, na ile tabia ya kubisha hodi kwenye mlango ulio wazi. Ila hakujua kama yeye anapendwa, au ni mpanga safari tu anayefanya kazi yake.

Jumatano akashindwa kuvumilia, akamwandikia:

"Kaka, Ijumaa hiyo inakuja. Unasafiri na nani?"

Wakati huo fundi alikuwa amening'inia ndani ya shimo la lifti, kamba kiunoni, tochi mdomoni, glavu mkono mmoja. Aliisoma meseji, moyo ukamruka, akaona akisubiri ateremke ujasiri utabaki huko huko juu. Akaandika kwa kidole gumba:

"nimeshaamua safari hii naenda na bibi tiketi tafadhali nasubiri jibu"

Hakuweka herufi kubwa, nukta wala mkato. Kule chini binti aliisoma, akaisoma tena, kisha akaisukumia simu kwenye kidirisha cha keshia.

"Nisomee wewe. Mimi macho yamekufa."

Keshia akavaa miwani.

"Nimeshaamua, safari hii naenda na bibi. Tiketi tafadhali. Nasubiri jibu." Akainua uso. "Bibi? Bibi aliyemzaa mama yake?"

"Bibi zake wote wawili walishatangulia mbele ya haki. Aliniambia mwenyewe."

"Basi ni bibi wa ndani ya nyumba."

"Ni mke," binti akasema.

"Ni mke. Pole, shoga yangu."

"Pole ya nini? Kwani mimi nilikuwa na nini naye?" Machozi yalikuwa yameshafika kopeni. "Mtu ana mkewe, anakuja kuniuliza mimi ningekaa upande gani wa kivuko! Kumbe ananitumia kama kitabu cha watalii!"

Akajifuta, akaichukua simu, akajibu kwa heshima zote za ofisi:

"Sawa. Hongera. Niachie mimi kila kitu."

Simu ikalia mara moja. Meseji ya fundi:

"umenifurahisha kuliko siku zote mungu akubariki sana"

"Atanibariki," binti akasema, akavuta kiti. "Sasa ngoja nimpangie huyo bibi yake safari."

Jamani, mwanamke mwenye hasira na kompyuta ya ofisi mwogope. Dirisha la baharini akalifuta, akatafuta hotelini humo humo chumba cha nyuma kinachotazama ukuta.

"Vitanda?" keshia akauliza, ameshasogeza kiti karibu kama mtu aliye sinema.

"Viwili. Vyembamba. Na kuna hiki chenye meza katikati, imefungwa kwa skrubu sakafuni."

"Wewe!"

"Kwenye ndege, fundi nampa dirishani, mbele. Abiria wa pili akae nyuma kabisa, kiti cha katikati, karibu na choo. Kila anayekwenda haja ampitie usoni."

"Na kivuko?"

"Hakuna kivuko. Atapanda kilima kwa ngazi. Na soko la vitambaa natoa, naweka makumbusho ya nanga."

"Kuna makumbusho ya nanga?"

"Yapo. Vyumba vitatu vya nanga. Ni kutu mwanzo mwisho."

Kwa ukali ule ule akachagua ile bei ya punguzo ambayo ukishathibitisha hairudi nyuma, na akathibitisha. Roho ikatulia kidogo. Baadaye akaenda chooni akalia vizuri.

Huku nyuma, fundi alikuwa hashikiki. Alipiga mluzi ndani ya shimo la lifti hadi watu wa ghorofa zote wakawa wanausikia bila kujua unatoka wapi. Lifti ikapona kabisa. Saa ya chai alikuwa anapita pale mlangoni, anachungulia, anatabasamu, anapunga mkono kama mtu aliyepewa nyumba.

"Mwangalie alivyo na raha," binti alinong'ona.

"Hana haya," keshia akaunga mkono.

Ijumaa ikafika, jina la pili halijaingia. Kazi ni kazi. Binti akakohoa, akanyoosha sauti, akapiga simu. Mlio ukasikika mlangoni. Fundi alikuwa anaingia, leo kavaa shati jeupe lililopigwa pasi, bisibisi mfukoni kama kawaida. Akaiweka simu juu ya kaunta, inalia.

"Kwa nini unanipigia nami nimefika?"

"Nataka jina la bibi," binti akasema bila kutabasamu. "Lilivyo kwenye pasipoti."

"Hilo la kwenye pasipoti ndilo silijui. Nimekuja kukuuliza."

"Uniulize mimi jina la mke wako?"

"Bado hujawa mke wangu, lakini..."

"Nani hajawa?"

Simu iliendelea kulia. Keshia, ambaye shingo yake ilikuwa imeshatoka nje ya kidirisha yote, akaisoma skrini kwa sauti.

"Bibi Tiketi anapiga." Akamtazama binti aliyekuwa bado ameshika mkono wa simu sikioni. "Shoga yangu, kata hiyo simu."

Binti akakata. Simu ya kwenye kaunta ikanyamaza papo hapo.

"Bibi Tiketi ndiye nani?" akauliza, sauti imepungua.

"Si wewe! Jengo zima tunakuita hivyo. Bwana Meno, Bwana Muhuri, Bibi Tiketi. Ina maana hujui?"

Binti akaifungua ile meseji ya Jumatano. Akaisoma tena, safari hii taratibu, akipumua mahali pengine.

"Safari hii naenda na Bibi Tiketi. Tafadhali. Nasubiri jibu."

"Ndivyo nilivyoandika."

"Hukuandika hivyo! Hukuweka hata nukta!"

"Nilikuwa nimening'inia, dada. Nukta ningeiweka na mkono upi?"

Keshia akajifungia kidirisha. Kicheko chake kilisikika hivyo hivyo.

"Na nilipojibu sawa, hongera..."

"Nikajua umekubali. Nikamwambia shangazi. Jumapili anakuja kwenu kumuona mama yako."

"Kwa mama yangu! Kufanya nini?"

"Kuleta posa. Unadhani ningekupeleka ng'ambo hivi hivi tu? Shangazi angenivunja miguu." Hapo uso wake ukabadilika, furaha ikamtoka. "Kwa hiyo hukukubali. Siku zote hizi nimepiga mluzi bure."

Alisimama na shati lake jeupe, mikono haina pa kwenda. Binti akamwonea huruma, na akamwona mzuri kuliko siku zote.

"Hukuniuliza," akasema. "Uliandika tu. Niulize sasa, kwa mdomo."

Fundi akasogea hadi kwenye kaunta.

"Nakupenda. Lifti haikuwa mbovu. Uwe mke wangu, halafu twende ukaone hilo bango lako kwa macho yako."

"Nami nakupenda, tena sana. Nimekubali."

Kidirisha kikafunguka. "Mungu mkubwa!" keshia akapiga vigelegele hadi wateja wa duka la jirani wakaja kuchungulia.

Fundi akacheka, akashika mkono wa binti juu ya kaunta. "Haya, nionyeshe safari yetu. Dirisha la baharini lipo?"

Binti akaufumba mdomo kwa kiganja.

"Kuna nini?"

"Abiria wa pili," akasema chini chini, "amekaa karibu na choo."

"Choo kipi?"

Ikabidi aseme yote: ukuta, ngazi za kilima, vitanda vyembamba, meza, nanga. Kila alichotaja, fundi alizidi kuinama, hadi akakaa chini sakafuni kwa kicheko.

"Yaani ulikuwa unamkomoa bibi?"

"Bibi yako!"

"Ambaye ni wewe."

"Ambaye ni mimi. Na haibadiliki, nimehakikisha mwenyewe haibadiliki."

"Basi tutakwenda hivyo hivyo. Andika jina."

Binti akafungua droo, akatoa pasipoti yake, akaandika jina herufi kwa herufi. Akalikosea mara mbili jina lake mwenyewe.

Jumapili shangazi alifika, akala, akasifu nyumba, kisha akamuuliza mama kama binti ana tatizo la kusoma. Harusi ikawa ndogo yenye kelele nyingi. Wiki iliyofuata maharusi wakapanda ndege.

Fundi alikaa dirishani mbele kwa muda mfupi tu. Akaenda nyuma, akamwomba mzee aliyekaa pembeni mwa mke wake wabadilishane viti. Mzee hakuamini bahati yake. Safari nzima watu waliwapitia usoni wakienda haja, na wao walikuwa wameshikana mikono, wanawapa njia, wanawatakia safari njema.

Mchana walifika hotelini. Chumba kilikuwa kama alivyokipanga: dirisha linatazama ukuta, vitanda viwili vyembamba, na katikati ile meza imeng'ang'ania sakafu.

"Nisamehe," bibi harusi akasema, mabegi bado mkononi. "Nilikuwa na hasira kweli kweli."

Fundi akampokea mabegi. Alipiga magoti, akafungua begi la mizigo, akapekua chini ya nguo, akatoa bisibisi.

"Shika miguu ya meza, Bibi Tiketi. Isije ikatuangukia."

Skrubu ya kwanza ilipoanza kulia, simu ya binti ikaita. Meseji ya shangazi:

"Mmefika salama wanangu? Vipi hoteli?"

Akaishika meza kwa goti, akajibu, nukta na mkato mahali pake:

"Tumefika salama, shangazi. Aliyeipanga alikuwa na wivu, lakini fundi ameshaanza kuirekebisha."