Jivu Lililorudishiwa

Sajini Mukhisa alikuwa amepiga magoti, akikagua jivu shubiri kwa shubiri. Lilizunguka banda lote, upana wa kiganja, kuzuia siafu. Hakuona mahali lilipokatika.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, Julai 1988, nje kidogo ya Kitale. Ndani ya banda, majike watatu wa fezanti, wale ndege wa kigeni wenye mkia mrefu, walikuwa wamekufa kando ya wavu. Katikati yao alijikunja chatu aliyefugwa nyumbani hapo, nje ya sanduku lake. Jogoo hakuwepo.

"Si mpasue hiyo nyoka, afande! Jogoo iko kwa tumbo," alisema Kipketer akiwa langoni. "Nilimwambia shemeji auze hawa wanyama tukishazika tu."

"Njoo basi unishikie chatu."

"Mimi? Ata ukinipatia shamba!" Akarudi nyuma mpaka ua ukamchoma.

Shemeji yake, Cherono, hakucheka. Kila alfajiri marehemu mumewe, Kiplimo, aliwapigia ndege hao mluzi, miwili mifupi na mmoja mrefu, na jogoo akaitika. Tangu Kiplimo azikwe mwezi Mei, jogoo aliendelea kuitika saa ile ile, akielekea kaburini, ingawa hakuna aliyepiga mluzi.

"Leo kumekuwa kimya," Cherono alisema. "Ni kama nimemzika mara ya pili. Nirudishie huyo ndege, afande."

Mukhisa alimtazama chatu. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. "Ni mgonjwa?"

"Anataka kujivua gamba. Wakati huo hali kitu."

"Nani anajua hilo?"

"Mimi. Na Wekoye wa Kibabii, mfugaji, rafiki wa marehemu mume wangu. Alilala hapa jana, akaondoka kabla hatujaamka."

Saa nane mchana walikuwa Kibabii. Wekoye aliwapokea uani kwa mikono miwili. "Karibu, mama. Jogoo? Wa kwako? Sijamwona mimi."

Cherono hakubishana. Alikaza midomo akapiga mluzi: miwili mifupi, mmoja mrefu.

Jogoo akaitika kutoka jikoni.

Wekoye aliketi chini palepale.

"Chatu angepita, angeacha mfuo kwenye jivu," Mukhisa alisema taratibu. "Mwizi mwingine angelikanyaga akakimbia. Wewe ukarudishia jivu nyuma yako, siafu wasiwaingilie waliobaki. Ni mazoea ya mfugaji."

"Nilimweka chatu bandani nikijua hatakula kitu. Nilitaka mseme tu amemeza jogoo. Majike..."

"Walimwogopa, wakajigonga kwenye wavu wakavunjika shingo."

Wekoye alifunika uso. "Kiplimo aliniahidi huyu jogoo kwa miaka sita. Alipokufa, mama, ukaninyima."

"Ni sauti yake ndiyo niliyokunyima," alisema Cherono.

"Mchukue, mama. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa njiani, akaitika ndani ya kikapu. Nikageuka. Hakuna mtu barabarani. Sasa nani alikuwa anamwita?"

Mukhisa alimpeleka kituoni.

Jioni, Cherono alimrudisha chatu kwenye sanduku lake, akaweka kikapu cha jogoo mlangoni mwa jikoni, akaanza kumwaga jivu jipya kuzunguka banda. Alikuwa amefika nusu jogoo alipoitika, shingo kaielekeza kaburini.

Midomo ya Cherono ilikuwa imefumbwa.

Aliweka bakuli la jivu chini. "Leo atalala jikoni," alisema kuelekea kaburini. "Nusu hii ya upande wako naiacha wazi; nitamalizia kesho."