Maneno ya Chooni

Asubuhi pampu ilipoharibika, shimo la maji taka nyumbani kwa Usumani halikunuka. Lilinukia marashi ya waridi.

Nyumba hiyo ya Masaka ilijengwa chini ya usawa wa barabara, kwa hiyo kila kilichotoka chooni kilisukumwa na pampu hadi kwenye bomba la juu. Sasa pampu ilikuwa imekufa na maji meusi yalikuwa yakirudi bafuni. Kayitesi, mke wa Usumani, aliyachota kwa ndoo, kisha akamwogesha mama mkwe wake uani, nyuma ya kanga, maana miguu ya bibi huyo ilikuwa imepooza. Majirani walimsifu sana Kayitesi. Walisema hata binti wa kuzaa hafanyi hivyo.

Mugenzi, fundi kutoka Gikondo, alifungua kifuniko cha shimo akacheka.

"Mama, munamwaga marashi chooni? Matajiri nyie!"

Akachomoa waya ukutani. "Umeme nimekata. Sasa naingiza mkono."

Hakuuingiza. Pampu ilianza kunguruma, na waya bado alikuwa ameushika.

"Iko inazunguka," alinong'ona. "Mama, inazunguka na nini?"

Mngurumo ukapanda, ukakonda, ukawa sauti ya mwanamke, ikatoka shimoni, ikatoka kwenye sinki la jikoni, ikatoka kwenye tundu la bafuni, sauti ambayo kila mtu pale uani aliijua, kwa kuwa ndiyo iliyomkaribisha fundi mlangoni muda mfupi uliopita:

"Huyu mukecuru anangoja nini, Alida? Nimechoka kuosha mavi yake. Si afe tu, tupumzike."

Alida alikuwa dada yake Kayitesi, na mukecuru, yaani bikizee, alikuwa mama mkwe. Maneno hayo Kayitesi alimwambia kwa simu, amejifungia chooni, amefungulia maji ili asisikike. Tangu siku ya ndoa mama mkwe wake, Mukabalisa, alikuwa amemwonya: "Chooni usiseme, mwanangu. Wenyewe wa humo wanasikiliza." Kayitesi alikuwa akicheka.

Sasa Mukabalisa alikuwa ameketi pale pale kwenye mkeka, akifunga mtandio wake polepole, haangalii mtu.

"Ni upepo," Kayitesi alisema. "Ni upepo kwenye bomba, mama."

Sauti ikarudia. Kichwa cha jirani kikachomoza juu ya ukuta. Usumani, aliyekuwa mlangoni akisikia yote, akakimbia kumwita mwalimu wa msikiti.

Mwalimu alisoma hadi jasho likalowesha kanzu yake. Mwishowe akainama shimoni, akasikiliza, akainuka amekunja uso.

"Jini huyu anasema amebebeshwa kisicho chake. Mwenye maneno ajitokeze, aseme, 'Ni yangu,' ayachukue. Hapo ataondoka."

Usumani alimtazama mkewe. Kayitesi alitazama ndoo. Alitaka kusema, neno lenyewe lilikuwa dogo, lakini jirani alikuwa ukutani, fundi alikuwa pale, na mume wake alikuwa hajapepesa macho, na kadiri kimya kilivyorefuka ndivyo maji meusi yalivyotoka bafuni na kutambaa uani kuelekea mkeka wa mgonjwa asiyeweza kusogea.

"Ni yangu," alisema Mukabalisa.

"Mama!" Usumani alishtuka.

"Niliyasema mimi. Nayachukua."

Maji yakamezwa na shimo kwa funda moja. Marashi yakatoweka, uvundo wa kweli ukapanda.

"Haya, hiyo ndiyo harufu ninayoijua," alisema Mugenzi, akakunja mikono ya shati na kuanza kazi.

Jioni pampu mpya ilifanya kazi vizuri. Kayitesi akapeleka uji, akapiga magoti bila kuinua uso.

"Mama," alianza, "nisamehe..."

Midomo yake ikaendelea kutamka, lakini sauti haikutoka tena. Mukabalisa alikunywa, akafuta midomo, akamwekea mkono kichwani kwa upole. Mkono ulinukia waridi.

"Asante, mwanangu."

Kayitesi akajishika mdomo. Ile iliyotoka kwa Mukabalisa ilikuwa sauti yake mwenyewe, Kayitesi, na mdomo wake ulikuwa umefumbwa.