Shavu la Upande wa Dirisha

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hakuna kifungo alichokishona kikadondoka. Kwa miaka kumi na saba alikaa dirishani na cherehani yake. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, hivyo jua la dirishani ndilo lililokuwa taa yake. Kazi yake ilikuwa safi, na ulimi wake haukuwa na likizo.

"Fundi, gauni hili limepungua," mteja angelalamika.

"Halijapungua, shoga yangu. Wewe ndiye uliyeongezeka!"

Siku binti yake wa pekee alipokuja kupimwa gauni la harusi, alimshika mama yake mabega. "Mama, nataka picha moja kubwa, mimi na wewe tu, shavu kwa shavu. Nitaitundika sebuleni kwangu."

Mama Vifungo alifurahi mpaka akasahau alipoweka sindano. Lakini binti alipoondoka, alijitazama kwenye kioo cha wateja. Shavu lake la kushoto lilikuwa na madoa ya kahawia. Alikuwa ameyazoea. Siku hiyo yalimkera.

Na msaada ulimfuata wenyewe mlangoni! Nesi wa zahanati ya mtaani alipita kuchukua sare yake iliyopunguzwa kiuno, akamkuta fundi bado yuko kiooni.

"Mama, njoo Alhamisi. Ni siku ya ngozi pale kwetu. Hailipiwi kitu."

"Nitakuja, mwanangu," alijibu Mama Vifungo. Moyoni alisema hapana. Tiba aliipima kama alivyopima vitambaa: cha bei ya chini hufifia kwenye maji ya kwanza.

Akachukua akiba ya kununulia cherehani mpya, akaipeleka saluni moja iliyosifika kwa kuchubua nyuso kwa dawa. Mwenye saluni alivaa koti jeupe kama daktari. Hakuuliza madoa yalianza lini, wala mteja wake anafanya kazi gani. Alimpaka dawa, ikamchoma, madoa yakafifia kidogo.

"Rudi baada ya wiki tatu," alimwambia. "Kabla ya hapo usipake kitu."

Lakini harusi ilikuwa imebaki siku tisa. Na fundi anajua: doa la nguo likianza kulegea, hapo ndipo unapolisugua zaidi. Mama Vifungo alikata ndimu, akachanganya maji yake na dawa ya meno, akasugua. Akarudia siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne aliamka shavu limevimba na kuchubuka, linatoa maji.

Siku ya harusi kila mtu alilisifu gauni. Aliyelishona alikaa nyuma kabisa, amejifunika mtandio mpaka machoni. Mpiga picha aliita, hakwenda. Binti akamfuata mwenyewe.

"Mama, njoo."

"Tutapiga siku nyingine, mwanangu."

"Siku nyingine sitakuwa bi harusi, mama."

Akaenda. Alisimama kando ya mwanawe, ameushikilia mtandio usoni. Picha ikapigwa hivyo hivyo.

Alhamisi iliyofuata alikuwa wa kwanza kwenye benchi la zahanati. Alijua atasemwa. Nesi hakumsema. Alimsafisha kidonda, akampa dawa ya kupaka, kisha akamtazama tena.

"Mama, mbona shavu la kulia halina doa hata moja?"

"Sijui."

"Ukishona, dirisha liko upande gani?"

Mama Vifungo aligeuka kama aliyeketi kwenye cherehani. Akauinua mkono wa kushoto polepole.

"Basi ndilo hilo. Jua limekuchoma kidogo kidogo miaka yote. Hata ukichubua uso leo, kesho ukirudi dirishani madoa yanarudi."

"Na ndimu?"

"Ndimu huunguza ngozi, na jua likiikuta ndiyo balaa. Dawa ya meno ni ya meno. Kitambaa ukikiharibu, unakata kingine kwenye jora. Uso hauna jora, mama."

Mama Vifungo alicheka huku machozi yanamtoka. "Sasa nifanye nini?"

"Kidonda kipone kwanza. Geuza cherehani, jua lisikupige usoni. Ukitoka, vaa kofia pana. Osha uso kwa sabuni isiyo kali, usisugue. Ukishapona, paka mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato. Ukiweza, nunua losheni ya kukinga jua, upake kila asubuhi. Na krimu isiyoandikwa kilichomo, usiiguse hata ukipewa zawadi."

"Yatatoka yote?"

"Sikudanganyi. Yatafifia, tena kwa miezi. Mengine yatabaki. Ila doa likibadilika umbo au likitoa damu, njoo siku hiyo hiyo. Usisubiri Alhamisi."

Mama Vifungo alikunja mtandio wake magotini. "Haya yote uliyajua siku ile ulipokuja kuchukua sare?"

"Niliyajua, mama."

Aligeuza cherehani siku hiyo hiyo, akatundika pazia jepesi. Cherehani ilikuwa ile ile ya zamani, maana mpya ilikwisha kuliwa na saluni. Aliyafuata maneno ya nesi bila kuruka siku. Baada ya miezi saba shavu lilikuwa laini, na madoa yalibaki kama kivuli. Wateja walimwuliza siri yake. "Kofia na mafuta ya mgando," alijibu. "Na Alhamisi, zahanati. Msiwe kama mimi."

Siku moja alikwenda kumtembelea binti yake. Sebuleni ilikuwepo ile picha kubwa. Bi harusi anatabasamu. Kando yake pana mtandio, na vidole viwili vimeushika.

"Gauni limetoka vizuri," alisema Mama Vifungo.

Binti alimgusa shavu la kushoto, pale madoa yalipokuwa.

"Mama, tangu utotoni mimi nalijua shavu hilo na madoa yake. Ndilo nililolitaka kwenye picha."