Joto la Mama Ghati

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Geita, mwaka wa tisini na tisa, Bernadina alipojifunga kitenge na kwenda dukani kwa Sanket kuchukua disketi. Safari yenyewe ya dakika kumi. Kompyuta yake ya nyumbani, aliyokuwa akichapia barua za watu na maombi ya leseni za uchimbaji, ilikuwa imeanza kuzimika yenyewe kila magharibi. Sanket, fundi wa redio na kompyuta, alishamwambia tatizo ni prosesa, ule ubongo wa mashine. Inapata joto. Itafutiwe programu ya kulipima hilo joto.

Na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Wiki ya tatu hiyo, kila magharibi homa. Kapimwa malaria mara mbili, hakuna kitu. Alikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inachomoka yenyewe. Majirani wakaanza kumtazama kwa jicho la huruma, na jicho hilo, nyie, linauma kuliko la husuda.

Sanket aliweka disketi mbili juu ya meza.

“Hii inatoa namba,” alisema. “Inasoma joto lenyewe. Ikipita sitini, zima mashine. Hii nyingine haina namba. Inachora mstari wa kijani, basi.”

“Kijani maana yake nini?”

“Usiwe na wasiwasi.”

“Hata kama inaungua?”

Sanket akatazama mlangoni, akashusha sauti. “Mama Ghati, mimi sipendi kuingia kati ya mtu na mumewe. Baba Ghati alipita hapa asubuhi. Akasema nikupe ya kijani tu. Ile ya namba nikuambie imeharibika.”

Bernadina akatabasamu. Alifikiri mumewe anamwonea huruma, hataki mgonjwa aumize kichwa na namba. Mapenzi hayo, yanamfanya mtu mzima asione kilicho mbele ya pua yake. Akachukua ya namba, kwa ubishi tu wa Kisukuma, akaenda zake.

Mumewe, Stanslaus, alikuwa mnunuzi wa dhahabu kwenye mashimo ya Nyarugusu. Alitoka Tarime na begi moja. Kwa miaka minane bahati ilimpita kando, mpaka mwezi uliopita aliporudi kutoka Mwanza na ile kompyuta, kaifunga ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. “Ni yako wewe,” alimwambia mkewe. “Asiiguse mtu mwingine.” Tangu siku hiyo, kila shimo alilotia mkono lilimpa. Na Bernadina akatamba mtaa mzima kwamba ana mume.

Nyumbani alimkuta Ghati, binti yao wa miaka sita, ameshakula ugali wake na maziwa. Akamlaza. Akawasha jenereta, akatumbukiza disketi.

Trrr... trrr... trrr...

39.2.

Akashusha pumzi. Sitini ilikuwa mbali. Lakini mwili wake ulikuwa unatetemeka, homa imeshafika kwa wakati wake, basi akachukua kipimajoto cha kioo alichopewa zahanati, akakibana kwapani. Akakisogeza kwenye mwanga wa kompyuta.

39.2.

Akasema moyoni, sadfa. Akakikung'uta, akakirudisha kwapani, akasubiri. Kwenye kioo cha kompyuta namba ikasogea mpaka 39.6. Akakitoa.

39.6.

Bernadina akainuka taratibu. Akatoka uani, akajimwagia kata tatu za maji baridi kichwani. Maji yakamtiririka mpaka kiunoni. Akarudi ndani akiacha nyayo sakafuni, akatazama.

38.7.

Hakuna aliyeigusa mashine. Hakuna aliyeimwagia maji.

Ndipo alipoisikia ile harufu... harufu ya nywele zinazoungua. Ilikuwa inatoka nyuma ya mashine. Akatafuta bisibisi, akafungua skrubu, akaondoa kifuniko.

Pale penye prosesa, chini ya feni, palikuwa na kifurushi cha kitambaa cheusi kilichofungwa uzi mwekundu. Upande mmoja kilikuwa kimechanika. Ndani yake, nywele. Zilikuwa zimesukwa kwa uzi wa kahawia, msuko ambao Bernadina alisukwa mwezi uliopita.

Mtoto wa Kisukuma haelezwi mara mbili. Ndagu. Mtu akitaka mali imfuate, hupewa dawa, na dawa hiyo hula. Anayeitaka humtaja wa kuliwa. Naye huliwa polepole.

“Usiguse.”

Stanslaus alikuwa amesimama mlangoni, viatu vimejaa udongo mwekundu wa mashimoni.

“Ni nywele zangu, Baba Ghati.”

Stanslaus akatazama viatu vyake.

“Ulizikata nimelala.”

“Mganga alikataa mtu baki,” alinong'ona. Akakaa kwenye stuli, mikono katikati ya magoti. “Alisema usiyempenda, dawa haimpokei. Ningekuwa sikupendi, leo ungekuwa mzima.”

Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema kila siku, na hakuna anayeikagua nguo yake. Miaka ya nyuma, udongo ulipomwangukia Stanslaus shimoni, Bernadina ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko miezi miwili na kumgeuza kitandani usiku. Sasa alimtazama na kifua kikamuuma kuliko homa yote ya wiki tatu. Laiti angekuwa adui.

Akanyoosha mkono kwenye mashine.

“Ukikitoa, dawa itatafuta mwingine humu ndani,” alisema Stanslaus.

“Ikutafute wewe.”

Akakivuta. Akakitupa chini.

38... 37... 35...

Joto likamtoka mwilini kama mtu aliyevuliwa blanketi. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu alivuta pumzi mpaka chini. Sanket alikuja kusema baadaye kwamba kitambaa kilikuwa kinaziba hewa ya feni, kikitoka lazima mashine ipoe. Sawa, tumkubalie. Lakini na hili je?

36.

37.

38.

Namba ilikuwa inapanda tena. Bernadina akageuka kumtazama mumewe. Alitaka kuliona jasho, alilitaka kwa moyo wake wote. Uso wa Stanslaus ulikuwa mkavu hata kipajini. Machozi tu ndiyo yaliyokuwa yakimtoka.

“Nilikwambia usikitoe,” alisema.

“Mama...” Ghati aliita kutoka chumbani. “Mama, nasikia joto.”

Bernadina alikimbia. Akaweka kiganja kwenye paji la mtoto, kikaungua. Aliporudi sebuleni namba ilikuwa 39.8, na Stanslaus hakuwa ameinuka kwenye stuli.

Bernadina akaikaribia mashine. Akainama, akakiokota kile kifurushi, akakirudisha palepale chini ya feni, kwa mkono wake mwenyewe. Akakaa kitini kusubiri. Chumbani mtoto alijigeuza, akaanza kukoroma usingizini. Halafu baridi ya kwanza ya homa ikampanda Bernadina kutoka miguuni, meno yakagongana.

Stanslaus akachukua bisibisi, akarudisha kifuniko, akakaza skrubu moja moja mpaka ya mwisho.

“Nikuletee shuka?” akamuuliza.