Kistari cha Bibi

Kila asubuhi, kabla ya chai na kabla hata ya kupiga mswaki, Kitone alikuwa na kazi moja: kwenda nyuma ya nyumba kupima mvua.

Kipimio kilisimama kwenye kona ya ua, karibu na ukuta wa jiko. Kilikuwa mkebe wa bati wenye mdomo mpana, na ndani yake chupa nyembamba. Unamimina maji ya chupa kwenye gilasi yenye mistari, unainama mpaka jicho lilingane na maji, unasoma milimita, unamwaga, unaandika kwenye daftari. Mvua isiponyesha, unaandika sufuri. Ni kazi ya dakika tano tu. Bibi yake Kitone aliifanya kwa miaka thelathini na moja, na majirani wakamwita Bibi Mvua. Mjukuu aliyemganda kila alikokwenda wakamwita Kitone.

Mwishoni mwa kiangazi Bibi Mvua alifariki. Alikutwa asubuhi ameketi chini kando ya kipimio, mgongo ukutani, gilasi mkononi, kama mtu aliyepumzika kidogo. Aliyemkuta ni Kitone.

Watu wazima walimfariji, naye akaitikia yote. Kazi ya kupima akaachiwa yeye. Siku za jua hazikumsumbua, maana alitoka mbio, akaandika sufuri, akarudi mbio. Kisha masika yakaanza. Asubuhi zikawa na giza la mawingu, na kila alipofungua mlango wa nyuma alisikia kule konani: tap, tap, tap. Sauti ile aliijua vizuri. Ndivyo zilivyolia kandambili za Bibi alipotembea polepole kwenye saruji.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba anamwogopa bibi yake mwenyewe, aliyemlea na kumsuka nywele?

Jumatatu moja, baada ya mvua kubwa, alifika mlangoni akasimama. Tap, tap. Akaufunga mlango taratibu, akaingia chumbani kwa Bibi. Madaftari ya miaka yote yalikuwa yamepangwa kabatini. Akavuta moja la miaka tisa iliyopita, akatafuta tarehe ileile. Mwandiko wa Bibi, wa herufi zilizolala, ulisema 4.2. Kitone akainakili kwenye daftari jipya.

"Mvua ni ya Bibi na nambari ni ya Bibi," alijiambia. "Huu si uongo sana."

"Kitone, umeshapima?" mama yake aliuliza kutoka barazani, mguu wake ukiwa kwenye cherehani.

"Nimepima, mama."

Saa moja akafika Bwana Hewa na baiskeli yake kuchukua nambari, kama kila asubuhi. Watoto walimwita hivyo kwa sababu alifanya kazi ofisi ya hali ya hewa, na pia kwa sababu kila alipofika juu ya kilima ilipokuwa nyumba yao hakubakiwa na hewa yoyote.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, binti." Alihema kwanza, kisha akasoma. "Nne nukta mbili tu? Barabara imenilowesha mpaka magotini. Haya, huenda ni mimi ninazeeka. Mkono wa nyumba hii sijawahi kuutilia shaka."

Maneno yale yalimchoma Kitone kuliko karipio.

Nambari ile haikuwa ya mapambo. Kule pwani kulianguka manyunyu tu. Mvua yenyewe ilimwagika kilimani, na kipimio cha kilimani kilikuwa hicho kimoja. Maji ya kilima yalichukua siku nzima kushuka hadi Bondeni, mtaa wa nyumba za chini zilizopangana kando ya mfereji mkuu. Mfereji ulikuwa na mlango wa chuma upande wa bahari. Wiki ile ilikuwa ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, kwa hiyo mlango ulikaa umefungwa ili bahari isiingie mtaani. Mvua ya kilima ikijumlika kupita milimita mia moja, Bwana Hewa huwaita watu sita wenye nguvu waufungue bahari inapokupwa na kurudi nyuma, maji ya mvua yatoke. Asipoijua mvua hiyo, hawaiti.

Jumanne ikawa vilevile. Mvua, mlango, tap, tap, kabati. Bibi alisema 1.8.

Shuleni, rafiki yake aliyeitwa Chiriku kwa kupenda kuongea alikuja na habari. Chiriku aliishi Bondeni na mama yake na mdogo wake, mtoto mchanga wa wiki tatu.

"Maji ya mfereji yamefika ngazi yetu ya kwanza," alisema. "Mtoto tunamlaza juu ya meza, anajiona mfalme. Lakini mama anasema tusihangaike. Ingekuwa hatari, Bwana Hewa angetuambia."

Usiku ule Kitone aliota meza inaelea. Alimwona Bibi amesimama ndani ya maji na gilasi mkononi, anainama kusoma.

Jumatano mvua ilikuwa bado inanyesha. Alilifungua daftari la zamani. Akashusha kidole hadi kwenye tarehe. Hapakuwa na nambari. Palikuwa na kistari kifupi, na mbele yake maneno machache kwa mwandiko ule wa kulala: "Sikupima. Radi. Niliogopa kutoka."

Alisoma mara tatu. Bibi Mvua, aliyefukuza nyoka kwa ufagio, aliogopa. Aliogopa, akakiri, akaliacha neno lake pale kwa miaka tisa bila kulifuta. Kitone alilia mpaka kamasi zikamtoka. Kisha akajipangusa kwa mkono wa gauni, akafungua mlango wa nyuma.

Tap, tap, tap.

Alikwenda akiwa amefumba jicho moja. Karibu na kipimio, chini ya ukingo wa paa, palikuwa na kandambili moja ya bluu, ya Bibi, imejificha kati ya mkebe na ukuta. Tangu siku ile hakuna aliyeiona wala kuiokota. Tone la mvua lilidondoka kutoka kwenye bati, likaipiga mgongoni. Tap. Kitone aliiangalia kwa muda mrefu bila kuigusa.

Kisha akafungua kipimio. Chupa ilikuwa imejaa pomoni, ikafurika hadi kwenye mkebe wa nje. Mvua ya siku tatu yote ilikuwa mle ikimngoja. Alimimina gilasi baada ya gilasi, akijumlisha kwa sauti. Alipomaliza alikuwa na milimita mia na thelathini na moja, na mama yake alikuwa amesimama nyuma yake kwenye mvua, futi yake ya kupimia nguo ikiwa shingoni.

"Mama, nilidanganya," alisema.

Alimweleza yote. Bwana Hewa alipofika akihema, akamweleza na yeye. Mzee yule hakukaripia. Alitoa simu, akapiga. "Bahari inakupwa saa ngapi? Saa nne? Waite wote sita, wawe mlangoni. Na Bondeni wapandishe vitu juu, kwanza watoto."

Mchana habari zilifika. Mlango ulifunguliwa kwa wakati. Kwa kina Chiriku maji yaliingia kizingitini, yakalowesha mkeka na jozi ya viatu vya shule, kisha yakashuka. Mtoto hakuamka hata.

Jioni Bwana Hewa alirudi, akaketi barazani na daftari magotini. Kwanza alimpa Kitone kalamu.

"Usifute. Zikate nambari zile kwa mstari mmoja, zionekane. Andika kistari Jumatatu, kistari Jumanne. Leo andika mia na thelathini na moja, jumla ya siku tatu."

Kitone aliandika. Machozi yalidondokea karatasi.

"Sikia, binti," alisema mzee. "Sufuri inaniambia ulipima, hukukuta kitu. Kistari kinaniambia hujui. Ungeniwekea kistari, ningeingia hadi konani nikapima mwenyewe, na wala nisingekucheka, maana bibi yako aliniwekea vingi. Nambari ya kubuni ndiyo iliyonifanya nilale usingizi, na Bondeni nzima ikalala nami. Ukishindwa na kazi, sema umeshindwa. Kuna watu wanaotegemea neno lako ambao hata hawakujui."

"Na nikiogopa tena, mjomba?"

"Andika umeogopa. Nafasi ipo."

Mama yake alitaka kuiondoa kandambili ile, Kitone akamwomba aiache. Kesho yake alfajiri alifungua mlango wa nyuma. Mawingu yalikuwa mazito, na konani ilisikika: tap, tap, tap. Akasimama kidogo kizingitini.

"Shikamoo, bibi," alisema, akaenda kupima.