Waya wa Chumba cha Uani

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa mitandao, na mpaka leo akiyasimulia hutazama chini.

Baba mkwe wake aliugua muda mrefu katika chumba cha uani, ambako mtandao wa sebuleni haukufika. Kila mara mzee alimwomba, "Mwanangu, nifungie mtandao na mimi, niwaone wajukuu zangu walio mbali." Fundi alijibu, "Kesho, baba." Alifungia mji mzima mitandao, mkwewe akabaki na kesho yake mpaka akafariki.

Baada ya msiba alipatikana mpangaji wa chumba kile, na fundi akapata nafasi siku hiyo hiyo. Aliona aibu, lakini akaishika kazi. Aliiseti ruta ya zamani isambaze tu mtandao wa ile ya sebuleni, akatoboa ukuta, akasukuma waya upande wa pili, ndani ya chumba kilichofungwa tangu mazishi. Waya ukakwama, mkewe akaenda kuchukua ufunguo ili akaupokee kule ndani. Mara ukaanza kuvutwa taratibu, ukikwaruza tundu: kwaru, kwaru.

"Hapo hapo, mama watoto, vuta tu," akasema.

"Nivute nini?" mkewe akauliza nyuma yake, ufunguo wa chumba mkononi.

Wakafungua. Mle gizani hamkuwa na mtu. Waya ulikuwa umepita sakafuni, ukapanda kitandani, na ncha yake imeingia chini ya shuka.

"Nisamehe, baba," fundi akanong'ona, akaushika aurudishe.

Kutoka chini ya shuka, waya ukavutwa tena, taratibu.