Soko la Ujiji Ukutani

Mikono sita ya Mchorapande ilikuwa ikipaka rangi kwa wakati mmoja, na ukuta wa makumbusho ya Ujiji ukajaa soko lililobomolewa miaka arobaini nyuma. Roboti huyo hakuwa na picha ya kuiga. Alisoma kumbukumbu za wazee kupitia kofia yenye nyaya. Kwa kuwa kila mzee alilikumbuka soko kutoka pale alipokaa, roboti alichora pande zote kwa pamoja, kwa mtindo wa kubisimu: kibanda kilionekana mbele na nyuma, pipa la mawese likawa miraba myekundu, na muuza dagaa akakutazama huku amekupa kisogo.

Mhandisi Asumini Kalonda, aliyemuunda roboti huyo, alimvua kofia Bi Nyangoma, mzee wa tano.

"Ahsante, bibi. Umetupa kibanda chako kizima."

Bi Nyangoma aliutazama ukuta kwa utulivu. "Pazuri. Ni wapi hapo?"

"Sokoni, bibi. Ulipouza mawese miaka ishirini."

"Mimi? Labda umenifananisha, mwanangu."

Asumini alikaa chini. Alasiri nzima aliwapigia simu wale wanne wa mwanzo. Walikuwa wazima, wachangamfu, lakini soko halikuwamo tena vichwani mwao. Kofia haikunakili, ilihamisha. Na njia ya kurudisha hakuijua. Aliziandikia familia zote tano akikiri kosa lake.

Kesho yake alifika mzee wa sita, baba yake Asumini. Ilibaki pembe moja tupu ukutani. Asumini alimweleza yote bila kuficha.

"Nivalishe tu," Mzee Kalonda alisema. "Nina miaka themanini na moja. Pale ndipo nilipomwona mama yako mara ya kwanza. Nataka awepo ukutani."

"Na ukikaa barazani peke yako, baba, utamkumbuka vipi?"

Mzee aliitwaa kofia mikononi mwa Asumini, akairudisha mezani. Asumini akauzima mtambo, akachukua brashi. Tangu shule ya msingi hakuwahi kuchora.

"Nisimulie," alisema.

Ilichukua siku nne. Pembe ile ilitoka na mistari iliyopinda na mwanamke mwenye mabega yasiyolingana. Mzee alisogea, akaikagua.

"Mama yako hakuwa mnene hivyo. Futa. Tena alisimama upande wa kivuli, akinicheka."

Asumini alichovya brashi. "Alikuwa akikucheka nini, baba?"

"Ngoja nikae," alisema mzee, "nikueleze vizuri."